Naomba ushauri: kusikilizana kwenye jumuiya Kwaresima hii

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Naongoza jumuiya ndogo ndogo huku Tabata. Tangu Jumatano ya Majivu tumekubaliana kwamba, pamoja na kufunga, sala na sadaka, tujifunze kusikilizana. Tulianza na Yakobo 1:19, pale anapotaka kila mtu awe mwepesi wa kusikia na mzito wa kusema.

Shida iko kwenye kushirikishana Neno. Wazee wetu wawili watatu wakishika zamu, hawaachii. Wanasema mazuri, na nawaheshimu sana. Ila kuna dada wa kazi anayekuja na mama mwenye nyumba wake, na kijana wa bodaboda, hao hawajawahi kufungua mdomo. Juzi yule dada alianza sentensi, akakatishwa, akainamisha kichwa. Iliniuma mno, maana Alhamisi Kuu tutamtazama Kristo akiosha miguu ya wanafunzi wake, akiwemo Yuda, na huku kwetu mdogo hapewi hata dakika moja.

Nimefikiria tuwe na kimya kidogo baada ya kila anayeongea, kisha wadogo watangulie. Lakini kumwambia mzee wa miaka sabini apunguze maneno, mimi niliye sawa na mwanawe, nitaanzaje? Nimfuate nyumbani kwake kwanza, au nimwombe katekista aseme kwa wote? Na huyu dada, nimpe somo asome, au nitamtia hofu zaidi?

Waliowahi kuongoza jumuiya, nisaidieni.