Sema mjomba

*Kikundi: Ukoo wa Tanga*

Dada Ohio: Shikamooni wakubwa zangu. Kaka, leo umetajwa huku Columbus.

Kaka: Marahaba. Nimetajwa na nani tena?

Dada Ohio: Mpwa wako alikuwa anacheza mieleka na mtoto wa jirani. Mwenzie kampindia mkono mgongoni, anamwambia "say uncle! say uncle!" Naye akauliza, yupi, wa Tanga au wa Dar? Mwenzie kashangaa, kamwachia.

Mama: Mkono mzima?

Dada Ohio: Mzima mama, anakula sasa hivi. Ila kaniuliza kwa nini huku mtu akishindwa anamtaja mjomba wake. Nimekosa jibu.

Baba Mdogo: Hiyo ndiyo "nimekoma" ya Wamarekani. Mimi nilikutana nayo Februari 1985. Rais wao Reagan aliulizwa kama anataka kuiondoa serikali ya Sandinista kule Nicaragua, akajibu kwamba haitakuwa hivyo iwapo watasema "uncle". Nikauliza ofisi nzima, mjomba gani huyo wa Nicaragua? Hakuna aliyejua.

Kaka: Na imetoka wapi?

Baba Mdogo: Miaka ya 1890 magazeti yao yalikuwa yakichapa kichekesho cha kasuku. Mtu anamfundisha kasuku kusema "uncle", ndege hataki. Anamkaba shingo, sema uncle! Wapi. Anamtupa bandani kwa kuku. Akirudi anakuta kuku wamelala chini wamekufa, na kasuku kamshika wa mwisho shingo: sema uncle!

Mama: Masikini kuku.

Dada Ohio: Hiyo simsimulii usiku huu.

Baba Mdogo: Nilipokuwa London nasoma nilijifunza nyingine. Mwenzangu wa chumbani aliniambia saa yake iko kwa "uncle". Nikampa hongera kwa kuwa na ndugu mjini! Kumbe kaiweka rehani. Duka lenyewe linaning'iniza mipira mitatu ya dhahabu mlangoni. Baadaye na mimi nikapeleka koti langu, baridi ilipopungua. Nilikwenda kulikomboa Oktoba, na mpaka leo nakumbuka furaha ya kulivaa tena.

Kaka: Hukuwahi kutuambia hilo, Baba.

Baba Mdogo: Nyumbani mlikuwa na shida zenu.

Shangazi: Pole kaka yangu. Wafaransa nao duka la rehani wanaliita "shangazi yangu", kwa hiyo hata mimi nimo.

Kaka: Na Uncle Sam?

Baba Mdogo: Huyo ni serikali yenyewe. Wanamhusisha na Samuel Wilson, muuza nyama wa Troy, New York, aliyelisha jeshi katika vita vya 1812. Mapipa yalipigwa chapa U.S., watu wakasema ni ya Uncle Sam.

Shangazi: Mimi naliona hivi. Neno moja wamelitwisha mjomba, baba mkubwa, baba mdogo na mume wa shangazi. Neno la wote halina mwenyewe, ndiyo maana limezagaa mpaka kwa mwenye duka la rehani. Kwetu ukisema mjomba kila mtu anajua ni kaka wa mama. Huyo huwezi kumtaja ovyo kwa kuwa umepindwa mkono.

Kaka: Lakini Shangazi, konda wa daladala ananiita anko kila asubuhi.

Shangazi: Anakuita anko. Hajakuita mjomba. Neno letu limebaki na heshima yake, na mtoto alijue hilo. Mwambie kwetu anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Wao wanatoa mjomba, sisi tunatoa mji.

Dada Ohio: Hilo atalipenda. Ngoja.

*Kesho yake*

Dada Ohio: Shangazi, wameshindwa kulala! Kamtega mwenzie "nyumba yangu haina mlango". Mtoto wa watu kahangaika mpaka kaambiwa atoe mji. Katoa Cleveland. Wangu kaikataa, anataka New York.

Kaka: Hapo kamwiga mjomba wake.

Mama: Aipokee hiyo Cleveland, ndiyo aliyopewa. Kisha aseme kaenda, kapokewa vipi, kala nini. Akimaliza ndipo ataje yai.

Dada Ohio: Anauliza Cleveland wanakula nini.

Mama: Mwambie kakuta wali wa nazi na samaki.