Nimepewa kisu cha porini cha kutengenezwa kwa mkono, thamani yake naijuaje?

Kijana wa Bukombe

Habari za jioni wakuu.

Nipo Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alifariki, na juzi binti yake kaniita nikachukue kitu ambacho baba yake aliagiza nipewe. Kufika, nakabidhiwa kisu. Marehemu alipenda sana mambo ya porini, yale ya kuwasha moto kwa kupekecha vijiti na kuchonga vijiko, wenyewe wanaita bushkrafti.

Chuma kina urefu kama wa sentimita 11, mgongo wake milimita 4, na kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho. Mpini ni mweusi tii, nadhani mpingo. Kuna maandishi madogo karibu na mpini, yamefifia. Chuma kina madoa ya kijivu na bluu na vidoa vichache vya kutu. Ala yake ni ya ngozi nene.

Nilikiweka kwenye begi nikakipeleka kwa jamaa mmoja mwenye duka la vitu vya zamani. Akakigeuza weee, kisha akasema pauni 25. Nilivyosita akapanda hadi 60 palepale. Hapo ndipo nikashtuka.

Sasa naomba ushauri: bei halali naijuaje? Nikikipiga msasa king'ae kitaongezeka thamani? Na naweza kukituma nyumbani kwa kaka yangu?

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Gerezani

Mkuu, msasa weka chini kabisa.

Hayo madoa ya kijivu siyo uchafu. Chuma chenye kaboni nyingi kikikata nyama, vitunguu na matunda kinajivika rangi hiyo, na inakisaidia kisishikwe haraka na kutu nyekundu. Mnunuzi anayejua anaitafuta. Kutu yenyewe itoe kwa pamba na mafuta, taratibu, uishie hapo.

Ila hiyo bluu iangalie vizuri kwenye mwanga. Bluu ya nyama inakaa mabakamabaka, haina mpangilio. Ukiona bluu imenyooka kufuata makali, ujue kuna mtu alikipitisha kwenye cherehe, lile jiwe la kunolea la kuzunguka, kikachemka. Ugumu wa makali umekwenda hapo, na bei imekwenda nao.

Tazama pia makali yanavyoshuka. Visu vya namna hii huwa na mteremko mmoja mpana, bapa, unaoishia kwenye makali moja kwa moja. Ukikuta mteremko wa pili mwembamba kabisa ukingoni, kuna mtu amenoa kwa mtindo wake.

Mama Leicester

Mdogo wangu, kabla ya bei nikuulize: ulitembea mjini na kisu kwenye begi? Kwa sheria ya huku, kisu pekee unachoruhusiwa kutembea nacho bila sababu ni cha kukunja kisichojifunga, na makali yake yasizidi inchi 3. Kingine chochote uwe na sababu ya maana, na polisi wakikushika, wewe ndiye wa kuithibitisha. Kifungo kinafika miaka 4. Kupeleka kwa mthamini ni sababu inayoeleweka, lakini kifungie kwenye boksi, nenda moja kwa moja na rudi moja kwa moja. Usipitie sokoni.

La pili, nami ni mtu wa kazi hiyohiyo. Waajiri wengi wana utaratibu wa zawadi kutoka kwa wateja, hata baada ya msiba. Mwambie meneja wako kwa maandishi kabla hujauliza bei mahali pengine popote. Kisu cha pauni 20 hakuna atakayekifuatilia. Kikija kuwa cha elfu moja, ndugu wengine wa marehemu wataanza kuuliza kilitokaje.

Kinoo

Vipimo ulivyotoa vimenifanya nikae vizuri kwenye kiti.

Kuna mtu anaitwa Ray Mears, alikuwa anaonekana sana BBC kwenye vipindi vya kuishi porini. Kisu chake kinaitwa Woodlore, na aliyekuwa akikitengeneza ni mhunzi Alan Wood. Chuma ni aina ya O1 (chenye kaboni nyingi), unene milimita 4, urefu karibu sentimita 11, mteremko mmoja kama alivyoeleza Fundi. Wakati ule watu walisubiri miaka kupata zamu. Vya mkono wa Wood mwenyewe vinauzwa kwa zaidi ya pauni 1,000.

Usianze kusherehekea. Umbo lile limeigwa na wahunzi wengi sana, wazuri na wabovu, mpaka limekuwa umbo la kawaida kule. Kwa hiyo vipimo havitoshi. Cha kuangalia ni hayo maandishi yaliyofifia. Lambaza mwanga wa tochi pembeni, yatasimama, kisha piga picha. Usiyapitishie kitu chochote.

Halafu rudi kwa yule binti kwa heshima. Omba barua fupi: baba yake alikinunua kwa nani, mwaka gani, na kwamba wewe umepewa kwa wosia wake. Uliza kama kuna risiti, au barua kutoka kwa mhunzi, au picha ya mzee akiwa nacho. Kisu chenye karatasi na kisicho nazo vinaweza kuwa pacha na bei zisikaribiane. Barua hiyohiyo ndiyo utakayompelekea meneja wako.

Ukitaka bei, angalia vilivyokwisha kuuzwa minadani. Bei wanazotangaza wauzaji achana nazo, kila mtu anaweza kuota.

Mpingo Mkavu

Niko Kilwa. Kabla hujasema mpingo, kiangalie mpini. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama, na uso wake ni laini karibu hauna vinyweleo. Waingereza wanapenda pia mwaloni uliozama kwenye matope ya mboji maelfu ya miaka ukawa mweusi. Huo una mistari ya vinyweleo, ukipitisha ukucha unaisikia.

Kama ni mpingo, kwa kuutoa nje ya nchi usihofu sana. Jamii yake imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, ila kitu kilichokamilika chenye mbao isiyozidi kilo 10 kiliachiwa. Tatizo lako litakuwa wasafirishaji. Kwenye ndege ni mzigo wa chini tu.

Kijana wa Bukombe

Shukrani nyingi wakuu. Ukucha unashika mistari, kwa hiyo mpingo siyo. Tochi imetoa herufi nne za mwanzo, na Wood haimo 😅. Hata hivyo binti amekubali kuandika barua, anasema kuna faili la risiti za mzee. Meneja nimeshamwandikia. Mama Leicester, boksi limenunuliwa.

Cha mwisho: kwa sasa nikihifadhije? Mafuta ya nazi yanafaa?

Fundi wa Gerezani

Kwa baridi ya huko yataganda kama mshumaa. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja, ufute na kitambaa mpaka uone kama hujapaka kitu. Na usikilaze ndani ya ala, ngozi inavuta unyevu. Kifunge kwenye karatasi kavu, ala ikae pembeni, lakini usije ukazitenganisha ukiuza.

Kinoo

Picha ya hizo herufi nne tafadhali.