Naomba ushauri: vipimo vya fonti ya printa vinapotea ninapovihamishia LaTeX

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninapanga kurasa za kitabu kwa LaTeX, na mteja anataka itumike fonti yake ya zamani ya PostScript (lugha ya printa ya kueleza kurasa), ambayo alinikabidhi ikiwa na faili za .pfb (maumbo ya herufi) na .pfm (vipimo vyake kwa Windows) pekee, bila ile ya .afm (vipimo hivyo kwa maandishi ya kawaida). Nilitumia pf2afm inayokuja na Ghostscript (programu ya kusoma PostScript) kupata .afm, na nilipoifungua kwa kihariri cha kawaida niliona vipimo vimo, ikiwemo mistari inayoanza na KPX (msogeo wa jozi za herufi), mmojawapo ukisema kwamba A na V zisogezwe karibu kwa 120 katika kila 1000 ya ukubwa wa herufi. Kwa herufi za pointi 12 hiyo ni pointi 1.44, pengo ambalo jicho halilikosi.

Shida inaanzia kwa afm2tfm, programu inayogeuza .afm kuwa .tfm, yaani faili ya vipimo ambayo LaTeX huisoma. Nikiiendesha pamoja na 8r.enc (jedwali linalopanga kila herufi na nambari yake), .tfm inapatikana na upana wa herufi uko sawa, lakini msogeo wote umetoweka, na katika neno «ng'ombe» alama ya ritifaa inatoka imesimama wima kama ya taipureta badala ya kupinda. Kwa kitabu cha Kiswahili, hilo halivumiliki.

Je, niongeze chaguo la -v (la kutengeneza fonti pepe, inayoelekeza kwenye fonti halisi) kisha nipitishe matokeo kwenye vptovf, inayoyageuza kuwa faili za fonti hiyo, au nihamie moja kwa moja fontinst, zana nyingine ya kuandaa fonti za LaTeX? Aliyewahi kuifanya kazi hii naomba anieleze pia mstari wa psfonts.map (orodha ya fonti) uandikweje ili dvips, programu inayogeuza matokeo ya LaTeX kuwa PostScript, iipate fonti.