Bloku ya chuma kwenye kuvuta sledi: sheria hii inamlinda nani?

Mleta mada (Ohio)

Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye karakana ya kukereza injini hapa Ohio, na kila msimu wa kuvuta sledi ukikaribia ugomvi ni uleule.

Kwa wasioujua mchezo: pikapu inafungwa mnyororo kwenye sledi, na juu ya sledi kuna sanduku la vyuma vizito linalosogea mbele kadiri gari linavyokwenda. Mwanzoni mzigo umeyakalia magurudumu ya sledi. Baadaye unaliegemea bati linaloburuzwa kwenye udongo, na hapo ndipo gari linapolia. Ukifika futi 300, kama mita 91, umemaliza. Wengi hawafiki.

Kuna madaraja ya chini yenye masharti haya: V8 kubwa ya petroli, bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ya chuma cha kusubu (alumini marufuku), ujazo una kikomo, kabureta moja, turbo hakuna. Nia ilikuwa kijana aliyeng'oa injini ya Chevrolet 454 kwenye pikapu bovu naye apate pa kushindania. Sasa wapo watengenezaji, Dart mmojawapo, wanaosubu bloku mpya za chuma zenye kuta nene, zinazokubali silinda pana kuliko 454 yoyote ya kiwandani. Wengine wanataka zipigwe marufuku, ibaki ya kiwandani tu. Mimi nasema ziruhusiwe.

Sababu yangu iko mezani kwangu. Mteja mmoja ameniletea 454 ya tatu mwaka huu. Ya kwanza ilikuwa na ufa chini, pale beringi kuu ya kranki inapokaa. Ya pili ililazwa nje na maji ndani, baridi ikayagandisha, ubavu ukapasuka. Hii ya tatu inang'aa kama mpya, lakini nilipopitisha kipima unene kwenye silinda moja, ukuta wa upande huu ni mnene na wa upande ule mwembamba, kwa sababu kiini cha mchanga, kile kinachoacha nafasi ya maji ndani ya bloku, kilihama wakati wa kusubu. Ukiipanua, unatoboa hadi kwenye maji. Kila mara amelipia kuosha, kupima na usafiri. Huyu ndiye "mnyonge" tunayemlinda?

Mchangiaji (Indiana)

Mkuu, nakuheshimu lakini hapo unajitetea wewe fundi. Bloku mpya ni maelfu ya dola kabla hujanunua pistoni hata moja. Ukiiruhusu, baada ya misimu miwili hakuna atakayethubutu kuja na ya kiwandani. Kila mtu atajenga hadi inchi ya mwisho ya kikomo, na mwenye nacho ataongezewa. Mimi navuta na injini niliyoitoa kwenye lori la shamba. Naambulia nafasi ya tano, ya sita, na narudi nyumbani na injini nzima.

Mchangiaji (Mombasa)

Hebu nieleweshwe, ndugu zangu. 454 ni nini? Lita ngapi hizo?

Mleta mada

Ni inchi za ujazo. Lita 7.4, karibu sawa na ile 6D16 ya Fuso, ila hii ni petroli na silinda nane.

Swali lako limenisaidia kumjibu wa Indiana. 454 ina kipenyo cha inchi 4.25 na mwendo wa pistoni wa inchi 4. Panua silinda kwa inchi 0.060, weka kranki yenye mwendo wa 4.25, unapata inchi 496, yaani lita 8.1, ndani ya bloku ileile ya kiwandani. Kwa hiyo mwenye pesa hakuzuiwa. Pesa yake imehamia kwenye kranki, konrodi, hedi na kamshafti, na huko hakuna anayelalamika.

Mchangiaji (Michigan)

Mimi nauliza kwa nini alumini inaogopwa hivyo. Uzito wa gari zima una kikomo, na kila mtu anafunika pengo kwa kutundika vyuma. Faida ya alumini ni kwamba kilo ulizookoa kwenye injini unazitundika mbele kabisa ya bampa, pua isinyanyuke. Ni faida, sikatai, lakini si uchawi. Na chuma hakipindi kirahisi, silinda zinabaki duara, ringi zinaziba vizuri. Alumini sifa yake ni kwamba ikitoboka unaichomelea na kubadilisha slivu (bomba la ndani la silinda), wakati ya chuma mara nyingi inaishia skrepa.

Mchangiaji (Mombasa)

Nimesikia kuna wanaomimina saruji ndani ya injini. Mwanitania?

Mleta mada

Hutaniwi. Ni saruji maalumu, inamiminwa kwenye mikondo ya maji hadi nusu ili kuta za silinda zisitetemeke. Mvuto mmoja ni sekunde chache tu, injini haiwahi kuchemka. Usijaribu kwenye Fuso ya kupanda Voi.

Mchangiaji (Indiana)

Sawa, tuseme nimekubali. Nani atakagua? Chuma au alumini tunajua kwa sumaku. Bloku ya kiwandani ina namba ya kusubiwa huku nyuma karibu na giaboksi, na namba inasagwa kwa dakika tano.

Mleta mada

Ndiyo maana nasema tuache kupigania bloku, tupime ujazo. Kipimo kipo: unatoa plagi moja, unalegeza roka za silinda ile ili valvu zake zibaki zimefungwa, unafunga mpira wa pampu kwenye tundu la plagi, unazungusha injini, kinasoma hewa ya silinda ile, unazidisha kwa nane. Wapimwe wa kwanza na wa pili, palepale, kabla hawajapakia magari kwenye trela. Na kabureta ifunguliwe ikaguliwe.

Mchangiaji (Indiana)

Plagi ya silinda ipi, na achague nani? Kwetu mkaguzi ni shemeji yake bingwa.

Mleta mada

Achague aliyeshika nafasi ya tatu.

Mchangiaji (Indiana)

Hapo tunaweza kuongea. Lakini bloku yako mpya bado sijaikubali.