Mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1: nifanye nini katika mimba hii ya pili?

Mama K.
Wapendwa, naomba ushauri. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1 ingawa mimba ilikuwa imetimiza wiki 38. Sasa nina mimba ya wiki 9, na mtoto huyo hajafikisha miezi 14. Mama mkwe ananiambia kuwa watoto wa ukoo wao huzaliwa wadogo, lakini zile siku nilizokesha nimemlaza kifuani nikihesabu pumzi zake bado hazijanitoka moyoni. Je, kuna jambo kwangu lililomfanya awe mdogo, na linazuilika?

Mkunga Mstaafu
Pole dada, na hongera. Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, ama kwa sababu amezaliwa njiti, kabla ya wiki 37, ama kwa sababu hakukua vizuri tumboni. Wako alitimiza wiki zake, kwa hiyo tujiulize ni nini kilichozuia chakula na hewa kumfikia vya kutosha kupitia kondo la nyuma. Shinikizo la damu hufanya hivyo, na malaria pia. Upungufu wa damu, lishe duni, kaswende, tumbaku na pombe navyo vimo. Umbo la ukoo huchangia, ila tusilikubali kabla ya kuyachunguza hayo. Itafute kadi ya kliniki ya mimba ile.

Baba N.
Mke wangu hajawahi kuvuta sigara. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuta ndani ya nyumba. Daktari alinieleza kwamba hata moshi wa mtu mwingine humpunguzia mtoto uzito, nami nikaacha.

Mama K.
Kwetu hakuna anayevuta. Kadi nimeipata: mwezi wa nane wa mimba shinikizo lilikuwa 145/95 na kiwango cha damu (hemoglobini) 9.4. Niliambiwa nipumzike tu.

Mkunga Mstaafu
Basi hapo pana jibu kubwa. Kwa mjamzito, shinikizo likifika 140/90 ni la juu, na damu ikiwa chini ya 11 ni pungufu. Tena Shirika la Afya Duniani hushauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, ili mwili urudishe akiba yake. Hilo limeshapita, usijilaumu, ila linaongeza sababu ya kuwahi. Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12, usingoje tumbo lionekane. Waonyeshe kadi ya zamani, pima damu na shinikizo, anza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na umwulize daktari kama unafaa kupewa aspirini ya kiwango kidogo, ambayo kwa walio katika hatari ya kifafa cha mimba, ugonjwa wa shinikizo la juu la damu katika ujauzito, huanzishwa kabla ya wiki 20. Usijinunulie mwenyewe. Baadaye, kila hudhurio, omba kimo cha mfuko wa uzazi kipimwe, kwa kuwa mtoto anayechelewa kukua mara nyingi hugunduliwa hapo. Kichwa kikikuuma bila kupoa, macho yakiona ukungu au uso ukivimba, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Mama K.
Asante sana, mama. Nitakwenda kesho asubuhi na kadi ile ya zamani, na mume wangu atanisindikiza.