Kiwanja Usagara: fremu au ghala?

Mwenyekiwanja: Wakuu, tangu daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria huku Mwanza, lifunguliwe Juni 2025 nawaza pa kuweka mtaji. Kwenye kiwanja changu cha Usagara, barabara ya kwenda darajani, nijenge fremu za maduka au ghala?

Fundi Mkuu: Ghala. Ila chimba kwanza shimo la mita 2. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, usithubutu kumwaga zege juu yake: masika unavimba, kiangazi unanywea, sakafu inachanika. Utoe, jaza moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia kila tabaka.

Mpimaji: Acha pia uwanja wa kugeuzia malori ya semitrela, wengi hubana hapo. Na usishawishike na viwanja vya ufukweni: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 za ziwa. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita rekodi zote za nyuma.

Mwenyekiwanja: Shimo naanza Jumatatu. Asanteni sana.