Mshenga anataka pasipoti ya binti, mahari imeshaliwa

binti_Ipinda
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 19, anauza vitenge Kyela mjini. Kuna mama anajiita mshenga, kaja na picha ya mwanaume wa China kwenye simu. Baba mdogo katumiwa milioni mbili, anasema ni mahari, bati kashanunua. Harusi eti itafungwa hukohuko. Apitie mpaka wa Kasumulu hadi Lilongwe, Malawi, ndipo apande ndege. Nikiuliza kwa nini asiondokee Dar, naambiwa nina kijicho kwa kuwa sijaolewa. Mwenyewe anafurahi. Nianzie wapi?

mzee_wa_Tukuyu
Wazazi wameridhia, binti karidhia, mahari imetoka. Wewe unataka nini? Mbona wanaoolewa na Wazungu hamsemi?

dereva_Tunduma
Shikamoo mzee, ila hapana. Mshenga anajua kwao bwana harusi, ndoa ikiyumba mnamwita. Huyu muulizeni kijiji cha huyo Mchina, mwone kama atakitaja.

wakili_Uyole
Dada, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamtaja hata anayemkutanisha mtu na mgeni kwa ndoa ili akanyonywe kingono au kutumikishwa. Ridhaa ya binti haimwokoi dalali. China, sera ya mtoto mmoja iliyodumu hadi 2015, pamoja na kupenda watoto wa kiume, iliacha mamilioni ya wanaume wasiopata wake. Wapo wanaonunua. Wanawake wa Kachin kule Myanmar, wa Vietnam na wa Pakistan wamepelekwa China hivyohivyo, wengi kwa ahadi ya kazi au ndoa nzuri. Na sheria ya China humfunga mnunuzi miaka isiyozidi 3, wakati muuzaji huanzia 5. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi, uongozane na mama yake.

binti_Ipinda
Ndaga fijo. Mama mdogo kakubali, tunaenda kesho, pasipoti bado haijatoka. Mzee wa Tukuyu, ng'ambo ya mto Songwe, Karonga na Chitipa huko Malawi, kuna kupimbira: baba anatoa binti kulipa deni. Huku tunawacheka. Baba mdogo anadaiwa pesa ya trekta tangu msimu wa mpunga, na ukoo mzima unajua. Hakuna aliyeuliza kwa nini binti kapata mchumba msimu huuhuu. Wakili, hizo milioni mbili tumrudishie yule mama?

wakili_Uyole
Msimpe mkononi. Mwelezeni askari ziliingiaje, na ujumbe wa muamala usifutwe.